Dogo wa Kyela, Kaunta Buku la Shangazi na Deni la Milioni Hamsini

Mdau, kama una wazo la aplikesheni kichwani na huna hata laptopu, kaa hapa. Kama laptopu unayo na bado hujaandika hata mstari mmoja, sogea karibu zaidi.

Kuna dogo mmoja wa Kyela mjini. Kamaliza kidato cha nne, matokeo yake ni yale ya kusema "tunamshukuru Mungu" halafu unabadilisha mada. Mwaka mzima dogo alikuwa na mpango mmoja tu: mtandao wa kijamii wa vijana wa mkoa wote wa Mbeya. Ndani kuna video, kuna kuchati, kuna duka la nguo, na pesa zinatumwa humo humo. Jina alishapata. Nembo alishachora. Ukurasa wa Instagram wa hiyo aplikesheni ulikuwa na wafuasi zaidi ya mia tatu. Kilichobaki ni kitu kimoja kidogo: aplikesheni yenyewe.

Mvivu hakuwa. Kila usiku yuko YouTube anajifunza. Jumatatu anaangalia Java. Jumatano kasikia Python ndiyo yenye hela, anahamia huko. Ijumaa jamaa mmoja kwenye kundi la WhatsApp anasema bila Flutter unapoteza muda, basi ni Flutter. Bando likiisha, na somo limeisha. Baada ya miezi kadhaa alikuwa anajua kuandika "Habari Dunia" kwa lugha tano, lakini ukimwambia akutengenezee kikokotoo cha kujumlisha na kutoa, anaomba muda.

Aliyemtoa huko hakuwa mwalimu wa kompyuta. Ni shangazi yake, muuza mchele, ambaye simu yake ina ufa kwenye kioo na kila mara inalalamika imejaa.

Anza na mtu unayemsalimia

Mchele wa Kyela hauhitaji matangazo. Ukipikwa nyumba hii, nyumba ya tatu wanajua. Shangazi ananunua mpunga Ipinda na vijiji vya jirani, anakoboa mashineni, anauza sokoni kwa kilo na kwa debe. Wateja wake wengi wanakopa. Mwalimu anasubiri mshahara, bodaboda anasubiri mwisho wa wiki, mkulima anasubiri kakao yake iuzwe mnadani. Wote wako ndani ya kaunta buku moja, jina, kiasi, na mstari wa kukata ukishalipa.

Masika yakaja. Kyela ikinyesha inanyesha kweli, na mwaka huo maji yakaingia mpaka ndani. Magodoro yalianikwa, sufuria zikasuguliwa, ila kaunta buku likawa kama andazi lililodondokea kwenye chai. Kurasa zimegandana, wino umetembea.

Ukurasa mmoja ulikuwa wa mama jirani, mjane, mtu wa kupeana chumvi. Shangazi anakumbuka anamdai elfu themanini na nne. Mama jirani anasema alishalipa kabla ya mvua. Kwenye daftari kuna doa la bluu tu. Hapakuwa na kelele, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Chumvi ikaacha kuombwa. Kwenye msiba mmoja mtaani wakakaa mikeka tofauti, na Kyela watu wakikaa mikeka tofauti msibani, kila mtu anajua kuna jambo.

Dogo akaona hapa kuna kazi. Tatizo lina mtu, mtu ana simu, na mtu mwenyewe anakaa chumba cha pili. Hii ndiyo hatua ambayo wanaoanza wengi wanairuka. Wanajengea "vijana wa Afrika Mashariki", watu ambao hawatakuja kumwambia kitufe hakionekani. Shangazi atakuambia, tena mbele za watu.

Tena vitu vilivyoshika huku kwetu vilianza na simu ambayo mtu tayari anayo. M-Pesa ilianza Kenya 2007, ikaja Tanzania 2008, na ilifanya kazi kwenye simu ya tochi bila intaneti. Nuru, aplikesheni ya kutambua magonjwa ya mihogo iliyotengenezwa na watu wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State wakishirikiana na IITA, inazungumza Kiswahili na inapima jani shambani bila mtandao. Waliotengeneza walijua shamba halina Wi-Fi.

Karatasi kwanza

Dogo alipomweleza shangazi mpango wake, alisema anataka "kuandika kodi".

"Kodi ya nani?" shangazi akaacha kupepeta. "TRA wamekutuma wewe?"

Ikabidi aseme anaandika programu. Halafu akafanya jambo ambalo video zote za YouTube hazikumwambia: akazima data, akachukua karatasi, akakaa sokoni siku tatu anaangalia tu. Akagundua shangazi anafanya mambo matatu basi. Anaandika deni jipya. Anapunguza deni mtu akilipa. Na jioni anajumlisha yote ajue anadai kiasi gani mtaani.

Mambo matatu, skrini tatu. Hakuna video, hakuna kuchati. Akachora visanduku kwa kalamu, akampa shangazi "abonyeze" karatasi kwa kidole. Shangazi akabonyeza jina la mteja. Dogo alikuwa hajachora kitu hapo. Akachora. Hilo kosa liligharimu dakika moja na kifutio. Angeligundua baada ya kuandika programu nzima, lingegharimu wiki.

Mdau, fanya hivi hata kama unajiona mtaalamu. Ukishindwa kuieleza aplikesheni yako kwa vitendo vitatu au vinne, bado hujaijua.

Vitu vinne vya kujua kabla ya kununua laptopu

Laptopu hakuwa nayo. Android Studio, chombo rasmi cha kutengenezea aplikesheni za Android, inataka kompyuta yenye RAM kuanzia GB 8, na hata hapo inahema. 16 ndiyo inapumua. Dogo alikuwa na simu ya kawaida. Akachagua HTML na JavaScript, zile zile zinazoendesha kurasa za intaneti, kwa sababu unaweza kuziandika kwenye simu ndani ya programu ya kuandikia maandishi, na kivinjari ulichonacho kinaziendesha. Halafu akajiwekea sheria: miezi mitatu hakuna kuhama lugha.

Vitu vya msingi ni vinne, na vipo karibu kila lugha.

Cha kwanza ni kibebeo. Fikiria debe lenye jina ubavuni. Debe limeandikwa "deni", ndani kuna 20,000. Mteja akilipa, kilichomo kinabadilika, jina linabaki.

Cha pili ni sharti. Kama malipo ni makubwa kuliko deni, kataa. La sivyo, punguza.

Cha tatu ni mzunguko. Pita kwa kila mteja kwenye orodha, jumlisha anachodaiwa, ukifika wa mwisho simama.

Cha nne ni kitendakazi, yaani kazi uliyoipa jina ili usiieleze upya kila siku. Ni kama ukimwambia mtoto "kachote maji". Humwambii ndoo iko wapi na bomba liko wapi, alishafundishwa mara moja.

Ukivielewa hivi vinne vizuri kwa lugha moja, lugha ya pili inakuwa suala la kuzoea lafudhi. Na kama maandishi yanakutisha kabisa, ipo MIT App Inventor, ilianzia Google 2010 kisha ikahamia chuo cha MIT. Hapo unaunganisha vipande kama unavyopanga matofali, unaona matokeo kwenye simu yako ya Android. Kompyuta ya steshenari kwa saa mbili inatosha kuonja.

Siku mteja alipodaiwa milioni hamsini

Toleo la kwanza likaenda sokoni. Bodaboda mmoja alikuwa na deni la 5,000, akachukua mchele mwingine wa 3,000. Shangazi akaandika, akabonyeza, akasogeza simu mbali na macho, akaisogeza karibu.

50003000.

Milioni hamsini na elfu tatu. Bodaboda akacheka mpaka akakaa chini. "Shangazi, hata nikiuza pikipiki na mimi mwenyewe juu yake haifiki."

Dogo alitaka ardhi ipasuke. Kilichotokea ni kosa maarufu sana kwa wanaoanza na JavaScript. Kitu ambacho mtu anakiandika kwenye kisanduku kinaingia kama maandishi, hata kama ni tarakimu. Ukiweka alama ya kujumlisha kati ya maandishi mawili, lugha haijumlishi, inaunganisha. "5000" na "3000" zikashikana mkono. Dawa yake ni neno moja, Number, la kuigeuza tarakimu kuwa namba kabla hujajumlisha.

Dogo alikaa na kosa hilo usiku mzima. Njia iliyomfikisha ni hii: kila hatua akaiambia programu imwonyeshe kilichomo kwenye debe. Kabla ya kujumlisha kuna nini? Baada ya hapo kuna nini? Kosa linajificha kati ya sehemu ya mwisho iliyokuwa sawa na ya kwanza iliyoharibika. Ukipunguza umbali huo, unalikamata.

Alijaribu pia akili bandia. Akaomba aandikiwe programu yote, akaletewa kurasa na kurasa, zikafanya kazi vizuri siku mbili. Siku ya tatu kikaharibika kitu na hakujua aanzie wapi, kwa sababu hakuna mstari aliouelewa. Akafuta. Sasa anaitumia kama rafiki aliyetangulia darasa: "nieleze huu mstari unafanya nini", "kwa nini hapa inakataa". Jibu akilipata analiandika upya kwa vidole vyake, na asipoweza kulieleza kwa Kiswahili halitumii.

Kosa la pili halikuchekesha mtu. Shangazi alifunga programu, akaifungua tena, orodha nzima imepotea. Wateja kumi na tisa wa asubuhi hiyo. Kumbe dogo aliweka kila kitu kwenye vibebeo tu, na kibebeo kinaishi muda programu ikiwa wazi. Ukifunga, debe linamwagwa. Lazima uiambie programu iandike kwenye hifadhi ya simu, na kwenye kivinjari hifadhi rahisi ya kuanzia inaitwa localStorage. Hata hiyo inafutika mtu akisafisha data za kivinjari, na simu inayolalamika imejaa husafishwa kila mara. Kwa hiyo akaongeza kitufe cha kutoa nakala, faili dogo linalokaa kwenye kadi ya kumbukumbu.

Lakini kilichookoa siku ile ni kaunta buku jipya. Shangazi alikataa kulitupa. "Nitaandika kote kote mpaka nikuamini," alisema, na akaandika kote kote miezi miwili. Mdau, hii ishike: programu mpya inatembea pembeni ya njia ya zamani kwanza. Ikiwa inahusu pesa za mtu, hiyo ni lazima.

Deni ni la watu wawili

Mambo yalipokaa sawa, dogo akapata wazo la kupata sifa. Kwa nini wale wanaochelewa wasitoke kwenye orodha nyekundu? Kitufe kimoja, majina yanaenda kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. "Watalipa fasta," akasema.

Shangazi akamwangalia kwa muda. "Mwanangu, aliyekuja kukopa kwangu aliniambia mimi. Hakuuambia mtaa. Deni ni la watu wawili."

Si unazijua zile aplikesheni za mikopo. Mtu anakopa elfu hamsini, akichelewa siku mbili, bosi wake anapigiwa, mama mkwe anatumiwa ujumbe, picha inasambazwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni 69 za mikopo zilizokuwa zinaendeshwa bila leseni. Nyuma ya aplikesheni inayoaibisha watu hivyo kuna mtu aliyekaa akaandika mstari unaosema: soma namba zote kwenye simu ya huyu mkopaji. Huenda naye alianza na "Habari Dunia". Hakuwa na haja ya kukutana na yule mkopaji sokoni kesho yake.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Kwa anayeanza, tafsiri yake mtaani ni nyepesi: usichukue taarifa usiyoihitaji, usiitumie kwa kazi ambayo mwenyewe hajui, na itunze. Dogo akafuta kitufe. Aplikesheni ya shangazi haiombi ruhusa ya kusoma majina kwenye simu, haiombi kamera, haiombi kujua uko wapi. Jina, kiasi, tarehe. Mteja akilipa, anaonyeshwa skrini palepale, wawili wanaona namba moja.

Sifuri na tupu

Ilibaki kazi ya kuhamisha madeni ya zamani kutoka lile daftari lililolowa. Jioni moja wakakaa na taa, ukurasa kwa ukurasa. Iliyosomeka ikaingia. Wakafika kwenye doa la bluu.

"Niandike ngapi, shangazi?"

Kimya.

"Programu haikubali kuacha wazi. Niliiwekea sharti." Halafu akaeleza kitu ambacho kila anayejifunza atakutana nacho. Kwenye programu, sifuri na tupu havifanani. Sifuri ni jibu: tumehesabu, hadaiwi kitu. Tupu ni kwamba hatujui. "Naweza kulegeza sharti ikubali tupu. Itakaa hapo, kila jioni ukijumlisha utaiona."

Shangazi akaulizia tena, polepole. Tupu itakuwa inaonekana kila jioni? Ndiyo. Na sifuri? Sifuri inajificha, inaonyesha wenye deni tu.

Elfu themanini na nne siyo hela ya kuchezea kwa mtu anayeuza mchele kwa kilo. Alikaa akisugua lile doa kwa kidole gumba kana kwamba namba ingetokea.

"Andika sifuri."

Asubuhi yake akabeba sahani ya mchele uliopepetwa, akavuka uani kwa mama jirani. Walichoongea dogo hakusikia. Alisikia "ndaga fijo" mlangoni, na mchana chumvi ikaja kuombwa.

Kama unataka kwenda mbali

Aplikesheni hiyo bado ni ukurasa wa intaneti. Dogo aliupakia GitHub bure, akauweka kwenye skrini ya mwanzo ya simu ya shangazi ukawa na alama yake kama aplikesheni nyingine, akaongeza faili dogo linaloufanya ufunguke hata bando likiisha. Madeni yenyewe hayako GitHub, yako ndani ya simu ya shangazi. Kwa mtumiaji mmoja au watano, hiyo inatosha kabisa.

Ukitaka kuingia Google Play, kunja mikono. Akaunti ya mtengenezaji ni dola 25, unalipa mara moja tu. Apple wao ni dola 99 kila mwaka. Akaunti mpya ya mtu binafsi kule Google inatakiwa kwanza ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Aliyejengea "vijana wote" huanza kuhangaika kutafuta watu 12. Aliyejengea shangazi anao sokoni.

Lugha ya kwenda nayo? Kotlin ndiyo Google wanayoitanguliza kwa Android tangu 2019. Flutter inakupa Android na iPhone kwa kazi moja, kwa lugha ya Dart. Chagua moja ukishapata kompyuta, na vile vitu vinne vitakuwa vimeshakaa kichwani. Umeme wa huku unaujua, kwa hiyo hifadhi kazi yako kila baada ya dakika chache na uweke nakala mahali pengine.

Ukurasa wa Instagram wa ule mtandao wa kijamii haujafutwa, ila haujaguswa muda mrefu. Wiki iliyopita mama mmoja muuza dagaa wa Matema, aliyemuona shangazi akibonyeza simu stendi, alimtafuta dogo. Anataka na yeye. Dogo akafungua programu kumwonyesha, kwa fahari.

"Mimi siwadai shilingi," mama akasema. "Nawadai ndoo na sado. Na ndoo ya mbalamwezi hailingani na ya giza, dagaa wanapungua."

Dogo akafunga simu, akaomba karatasi.